Kutoka Ghala la Pamba Mpaka Mahame ya Itimbya

Mmeniuliza sana, kila mmoja kwa wakati wake: kisimani, kwenye foleni ya duka la ushirika, hata msibani. "Msabila, ilikuwaje huko?" Nami kila mara nikajibu kipande, ama kwa sababu aliyeuliza alikuwa na haraka, ama kwa sababu sikumwamini aliyesimama nyuma yake. Sasa nimeandika yote kwa mkono wangu, mpitishiane. Habari za fomu na mihuri nimeziacha. Zilichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe na hazina utamu wowote.

Kwa asiyenijua, mimi ni Shabani Msabila wa Itimbya, upande wa Sikonge. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha niliacha mke wangu Kalunde na binti yetu Asha, wa miaka miwili, nikaenda Kongo, au Zaire kama wanavyoiita siku hizi, kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba. Niliaga kwamba nakwenda miaka miwili. Nimekaa kumi.

Ghalani

Kazi yangu mgodini ilikuwa kengele. Lifti inayoshusha wachimbaji chini ina mtu wake wa kuashiria kwa fundi wa mashine aliye juu: kengele moja, simamisha; mbili, shusha; tatu, nenda polepole, watu wamo ndani. Niliifanya kazi hiyo miaka saba bila kumvunja mtu hata kidole, na ndiyo iliyonitia matatani.

Vita vilipofika upande wa migodi, waasi waliingia, wakatoka, na baada yao wakaja askari kukusanya wageni. Mtu wa Angola alihesabiwa adui. Mtu wa Zambia alihesabiwa jasusi. Mtanzania alikuwa mjamaa, na hilo kwao lilikuwa baya kuliko yote mawili. Wakatufungia kwenye ghala la pamba, watu kama arobaini, na sajini mmoja akatuhoji kando ya mzani.

"Wewe ndiye mpiga kengele?"

"Ndiyo."

"Siku waasi walipoingia, ulipiga mara tatu?"

"Kila siku napiga mara tatu, shefu. Ndiyo kazi."

"Tatu maana yake nini?"

"Watu wamo ndani."

Akaandika maneno hayo kwenye daftari lake, akayapigia mstari. Nilipouona ule mstari nilijua nimeshakiri kosa, ingawa sikujua ni lipi.

Tulikaa mle miezi kumi na mmoja. Asubuhi uji wa mahindi, jioni uji uleule ukiwa umeganda. Njaa niliizoea. Kilichonishinda ni kwamba baada ya wiki chache zilienea habari kuwa mmoja wetu anapeleka maneno kwa askari, na tangu hapo hakuna aliyesema na mwenzake kitu cha maana. Mtu akikohoa mara mbili, tunamgeukia. Nilijifunza kula nikiwa nimeegemea ukuta, niwaone wote. Tabia hiyo ninayo mpaka leo, na mkinikaribisha chakula mtaiona.

Siku moja wakaja Wazungu wawili wenye madaftari, wakaandika majina, na baada ya wiki sita wakatutoa Watanzania watatu. Wenzangu walichagua kupita Zambia. Mimi nikachagua ziwa: Kalemie, Kigoma, Tabora, njia ya misafara ya zamani, ambayo babu yangu aliipita kwa miguu akiwa na mzigo kichwani. Nilidhani njia iliyokanyagwa na watu wengi kiasi hicho haiwezi kumpoteza mtu.

Kalemie mpaka Kigoma

Kalemie nilikwama siku tano. Motaboti ilikuwepo, mafuta yalikuwepo, nahodha alikuwepo. Kilichokosekana ni mkanda wa injini, na mkanda huo ulisemekana uko njiani. Kila asubuhi nahodha, mtu mfupi mwenye jino la shaba, alitwambia utafika mchana. Siku ya tatu nikaanza kufikiri kuwa hakuna mkanda wowote, na kwamba tunacheleweshwa kwa sababu yangu. Nikahama nilipokuwa nalala, nikajibanza nyuma ya mapipa ya mawese, nikihesabu ni nani anapita mara mbili.

Mkanda ulifika kweli. Ulikuja shingoni mwa mwendesha baiskeli, ameuvaa kama mkufu.

Kabla hatujaondoka nahodha aliniita pembeni. "Nimesikia ulifungwa."

"Niliwekwa. Sikuhukumiwa."

"Kwangu ni mamoja. Kaa huko nyuma juu ya mapipa, usiseme na abiria. Wakikuuliza bandarini, hukupanda chombo changu."

"Sasa nitasema nimefikaje? Niliogelea?"

Hakucheka. Nikakaa juu ya mapipa, moshi wa injini ukinipiga usoni. Katikati ya safari mama mmoja aliyekuwa amebeba vikapu vya samaki aliniletea mgebuka wa kuchoma kwenye jani la mgomba. Nilimshukuru, nikamwangalia, nikauweka magotini. Akaketi mbali kidogo, naye akanitazama. Hatimaye akarudi, akachukua mgebuka wangu, akamega kipande cha mgongoni, akala mbele yangu, akanirudishia.

"Haya," akasema. "Kama ni sumu tutakufa wawili."

Nilikula mpaka miiba. Sikumuuliza jina, na najuta.

Kigoma, siku sita

Nilidhani nikikanyaga Kigoma yamekwisha. Nilipofika mbele ya ofisa wa uhamiaji bandarini, nikafungua kinywa, nikasema: "Jambo, shefu. Miye Mutanzania. Minatoka Kongo, minarudia kwetu."

Ofisa akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana, nywele amezichana vizuri, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Mtanzania gani anasema minatoka?"

Miaka kumi, ndugu zangu. Kiswahili changu kilikuwa kimehama bila kuniaga. Mle mgodini tulisema hivyo sote, na sikujua kama nimebadilika mpaka nilipoiona sura ya yule kijana. Kila nilipojaribu kujirekebisha nilizidi kuharibu, maana sasa nilikuwa nasema polepole, kama mtu anayekariri.

"Kijiji chako cha ujamaa kinaitwaje?"

"Sina kijiji cha ujamaa. Natoka Itimbya."

"Itimbya haimo." Alikuwa na orodha ndefu, akapitisha kidole mara mbili. "Hakuna kijiji kinachoitwa Itimbya wilaya nzima."

"Ndiko nilikozaliwa, shefu."

"Na acha kuniita shefu."

Hawakunifunga. Waliniambia nisitoke nje ya uzio, wakanipa mkeka kwenye kibanda cha stoo. Nikaanza tena kuegemea ukuta. Nilijiambia kwamba nimetoka ghala moja nimeingia lingine, na hili linauma zaidi kwa kuwa ni la kwetu.

Aliyenitoa ni Mama Mwajuma, aliyekuwa akipika chakula cha watu wa ofisi. Siku ya sita asubuhi aliniletea uji wa ulezi, na pengine kwa mazoea tu, akanisalimu, "Mwangaluka."

"Mwangaluka," nikajibu, na Kinyamwezi chote kikatoka kwa mfululizo kama gunia lililopasuka. Nikamuuliza kwao wapi, mvua zimekuwaje, nani amekufa. Nilikuwa sijakisema tangu nilipoondoka na kumbe kilikuwa kimelala mle ndani, hakijaguswa. Mama Mwajuma akacheka mpaka akashika mlango.

Akaenda kwa ofisa na mwiko mkononi. "Yule ni mtu wa Sikonge. Anasema kama marehemu bibi yangu."

"Jasusi pia hujifunza lugha, mama."

"Atajifunza Kiswahili cha redioni, mwanangu. Huyu amenitajia dawa ya kufukuza nyuki. Nani atamfundisha jasusi dawa ya nyuki?"

Ofisa alifikiri siku nzima. Jioni akanipa karatasi ya kusafiria na neno moja la kunisindikiza: "Tutakuwa tunakuangalia." Nadhani alilisema kwa mazoea, kama mwingine anavyosema safari njema. Mimi nililichukua lilivyo.

Reli mpaka Tabora

Ndiyo maana nilipopanda treni nikamwona yule bwana.

Alikuwa wa makamo, kofia ya kiua, koti la kaki, amekaa benchi la mbele yangu na sanduku la bati kati ya miguu. Kila nikiinua macho nakuta ananitazama. Nikiangalia dirishani, naona kivuli chake kwenye kioo kinaangalia dirishani. Treni iliyotakiwa kuondoka jioni iliondoka asubuhi, na mpaka tunafika Uvinza, ambako watu walishuka kununua chumvi, yeye hakushuka, na mimi sikushuka. Nikasema moyoni, basi huyu ndiye.

Tulipofika Usinge injini ikafa. Wakasema itakuja nyingine kutoka Tabora. Jua lilikuwa kali, abiria wakatawanyika kandokando ya reli, wanawake wa pale wakaleta asali kwenye chupa, karanga, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Niliponusa matobolwa machozi yalinilenga, lakini sikununua. Mkono mfukoni ungemwonyesha yule bwana nina nini mfukoni.

Ikapita saa moja, zikapita tatu. Mwishowe akainuka, akaliburuta sanduku lake mpaka nilipokuwa, akaketi. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya kofia.

"Afande," akasema kwa sauti ya chini, "tuzungumze kama watu wazima."

Nikageuka kuona anaongea na nani.

"Mimi si afande."

"Najua hamsemi. Tangu Kigoma umenikazia macho, na mimi nimechoka. Ni vitenge tu. Doti ishirini, basi. Nina wake wawili na cherehani moja, na mjini kitambaa hakipatikani hata cha sanda. Chukua doti tano, uniache nishuke salama."

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa amevusha vitenge vya Kongo kwa magendo, na safari yote aliamini kuwa mimi ndiye niliyetumwa kumfuata. Ile tabia yangu ya kuegemea ukuta na kuangalia kila mtu ndiyo iliyomtisha.

"Bwana," nikamwambia, "mimi nilidhani wewe ndiye unayenifuata mimi."

Tukatazamana. Kisha akaanza kutetemeka mabega, nami nikaanza, tukacheka mpaka muuza asali akatusogelea kuuliza kuna nini. Yule bwana akanunua matobolwa ya kutosha watu wanne, tukala sote wawili kutoka karatasi moja. Jina lake Hamisi, fundi cherehani wa mtaa wa Gongoni, Tabora, na wengi wenu mnamfahamu.

Lakini hata tulipokwisha kula, niliona amelivuta sanduku upande wake wa pili. Nami karatasi yangu nilikuwa nimeikalia.

Tabora

Hamisi alinilaza kwake siku mbili. Mke wake mkubwa alinipikia ubwabwa na maharage ya nazi, akaniwekea sahani yangu peke yangu, akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza, nadhani kuhesabu vijiko. Simlaumu. Suruali yangu ilikuwa imechanika nyuma na nilikuwa na ndevu kama mtu wa porini.

Hamisi ndiye aliyenieleza kuhusu Itimbya. Alikuwa anapima mabega yangu kwa utepe, maana aliapa hataniacha niende kwetu na matambara yale.

"Vijiji vyote vya kule vilihamishwa," alisema. "Watu walipelekwa wakae pamoja, kwenye barabara, shule na zahanati. Ndiyo maana hakimo kwenye orodha."

"Wamehamishiwa wapi?"

"Hilo sijui. Nenda Sikonge ukaulize. Na ukiuliza, uliza taratibu. Siku hizi mtu anayeuliza sana, na yeye huulizwa."

Alinishonea shati la kaki na suruali ya bluu. Nilipojitazama kwenye kioo chake nilijiona kama karani. Nilifurahi, masikini, sikujua litakalofuata.

Sikonge na mbele

Lori la tumbaku lilinifikisha Sikonge, na kutoka pale nilitembea. Sikuuliza mtu. Nilijua njia, na nilitaka kuiona Itimbya kwa macho yangu kwanza.

Niliikuta. Kuta zilikuwa zimelala, mabani ya kukaushia tumbaku hayana paa, miche ya miti imeota ndani ya nyumba yangu, mmoja mahali pa kitanda. Mboga ya maboga ilikuwa imetambaa juu ya kila kitu, imenawiri ajabu. Nikachuma majani machache, sijui kwa nini. Nilikuwa bado nimeyashika mrina asali mmoja alipotokea kati ya miti. Aliponiona akaacha ndoo yake, akakimbia.

Baada ya muda wakaja mgambo wawili na virungu.

"Unafanya nini kwenye mahame?"

"Hapa ni kwangu."

"Hapa si kwa mtu. Unatoka wapi?"

"Kongo. Nilikuwa nimefungwa."

Wakanitazama kuanzia kola mpaka viatu. "Mfungwa gani ana shati jipya?" akauliza mkubwa wao.

Wakanipeleka Mshikamano, kijiji kipya, mwendo wa saa mbili. Nyumba zimepangwa mstari kama safu za mahindi. Watu waliokuwa wakinifahamu walitoka milangoni na hakuna aliyeniita jina. Baadhi yenu mlikuwepo. Sisemi kwa kulaumu. Zilikuwa zimefika habari kwamba nimekufa, kisha habari kwamba nimejiunga na waasi, na aliyekuja mbele yenu hakufanana na maiti wala mwasi.

Mwenyekiti aliagiza Kalunde aitwe kutoka kwenye kitalu cha tumbaku. Alikuja na udongo mikononi mpaka viwikoni. Amekonda. Ananyanyua kidevu vilevile.

"Kalunde, mtu huyu unamjua?"

Alinitazama kwa muda mrefu. "Namjua. Ni Shabani, mume wangu."

"Una hakika?"

"Nimesema ni mume wangu. Sikusema nina hakika naye."

Watu wakacheka, mwenyekiti naye. Akanigeukia. "Sasa mzee, miaka yote hiyo kimya, hata barua?"

"Vita, mwenyekiti," nikajibu haraka. "Vita vilikata barua."

Vichwa vikatikisika, pole zikasemwa. Kalunde alitazama chini, akaanza kupukuta udongo mikononi.

Tulipotoka, msichana mrefu alikuwa amesimama njiani. "Shikamoo," akaniambia, kama anavyomwamkia mgeni yeyote. "Marahaba," nikasema. Kalunde akamtuma Asha atangulie kubandika maji.

Tulitembea kidogo. Kisha akauliza, "Vita huko vimeanza lini?"

"Mwaka jana."

"Barua yako ya mwisho ilikuja Asha yuko darasa la kwanza. Sasa yuko la sita. Hivyo vita vilirudi nyuma miaka minne kukata barua?"

Hapa niseme jambo ambalo huko nyuma nililiruka. Kabla ya kuliandika nilimwomba Kalunde ruhusa, akasema liandikwe au nisiandike chochote.

Kulikuwa na mwanamke, Feza, muuza mikate wa mtaa wetu wa wachimbaji. Nilikaa naye miaka mitano. Sikumwambia kuwa nina mke, na sikumwandikia mke wangu kuwa nipo naye, na njia rahisi ya kutosema mawili hayo ilikuwa kuacha kuandika kabisa. Nilipofungwa ghalani alikuja kila Ijumaa na sufuria ya bukari, ndio ugali wao, na majani ya mihogo, akiwabembeleza askari wampitishe. Alikuja wiki nyingi. Kisha Ijumaa moja hakuja, wala iliyofuata. Nilipotoka nilikwenda kwake, nikakuta mlango umeng'olewa. Majirani walisema hawajui, na niliona kwamba hata mimi hawaniamini.

Nilimwambia Kalunde yote hayo pale njiani, tumesimama, jua linatuchoma. Sajini, nahodha, ofisa, mgambo, wote walinishuku kwa mambo ambayo sikuyafanya. Yeye peke yake alinishuku kwa nililolifanya.

"Yu hai?" akauliza.

"Sijui."

Aliangalia upande wa mashamba.

"Basi pole," akasema. Kisha akaongeza, "Utalala banini."

Nililala banini msimu mzima wa kukausha tumbaku, nikichochea moto wa kijiji, na ninyi mkasema, tazameni Msabila alivyorudi na bidii ya kazi. Kalunde alileta chakula kila siku, akakiweka mlangoni, akaondoka. Asha alikuja wakati mwingine kuuliza hesabu za shule, akarudi mbio.

Mwisho wa msimu, mchana mmoja tulipokuwa tumeshashusha majani ya mwisho, nilimwona Kalunde akija na sahani mbili badala ya moja. Akaketi juu ya gogo, akaninawisha mikono, akanisogezea ugali. Nilikuwa nimeegemea ukuta. Akanitazama mpaka nikatoka ukutani, nikaketi karibu naye, mgongo wangu ukiwa wazi.

"Anza mwanzo," akasema. "Na Feza usimruke."